Ng'ombe Juu ya Gunia

Jumatatu, 12 Machi 2001. Kingi, mashariki ya Kongo.
Mke wangu Adrienne bado yuko Hombo kwa dada yake. Kosa langu. Kabla ya Noeli nilimchora komanda wa bariera, kile kizuizi cha barabarani, akiwa na tumbo la mimba, nikambandika sokoni. Tulimkimbia, tukalala porini siku nne! Aliapa hatarudi mpaka niache kuchora vita. Nimeacha. Sasa napaka alama tu kwenye magunia ya maharage, kila mfanyabiashara na yake, yasichanganyike safarini. Alama ya Papa Muhindo, mwenye lori, ni ufunguo. Kazi ya heshima. Namkumbuka Adrienne mpaka ugali haushuki.

Jumanne, 13 Machi.
Wazo! Lori la Papa Muhindo linakwenda Hombo keshokutwa, na Adrienne huuza maharage palepale linaposhusha. Nimechora gunia moja, upande wa nyuma. Ng'ombe aliyekonda, jina lake Kongo. Wageni wawili wenye tai wanamkamua huku wakisoma hotuba ya amani. Komanda ameshika pembe. Si vita hii, ni mifugo. Kila mchoro wangu, Adrienne ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Akicheka, atarudi.

Alhamisi, 15 Machi.
Balaa! Komanda amekagua lori pale bariera. Amelitazama gunia weee. Akauliza: "Uyu wa pembe njo mimi?" Nikakubali kuwa ndiye, ningefanyaje? Akasema kumbe mimi ni fundi, nimeonyesha nguvu zake, gunia lipite mpaka Hombo watu wamwone. Afadhali angenipiga! Hakuelewa hata ukwato.

Alhamisi, 22 Machi.
Papa Muhindo amerudi na gunia tupu lenye tundu la mraba katikati. Adrienne amekata mchoro, amebaki nao. Alicheka mpaka akakaa chini, akafunga hata mzigo wake aje. Kisha akamuuliza Papa Muhindo kama kweli nimeacha kuchora. Yule ni mtu wa misa, hakuweza kudanganya, akamweleza yote ya bariera. Mzigo ukafunguliwa. Ujumbe wake: "Umwambie kucheka nilicheka. Lakini miye nataka bwana mwenye iko muzima." Nimelilalia gunia hilo mchana kutwa. Nimelia, naandika ukweli.

Ijumaa, 23 Machi.
Nimeapa mbele ya padri. Sichori tena! Kiapo nimekipaka kwa herufi kubwa kwenye gunia jipya, lori linaondoka kesho, Adrienne akisome mwenyewe. Lakini maneno matupu yalionekana baridi. Nimeongeza kapicha kadogo pembeni: safari hii wageni wanamkamua komanda mwenyewe. Hatakasirika, ile ya kwanza si aliipenda? Na Adrienne atacheka. Nimefagia nyumba. Nimeloweka maharage ya watu wawili.