Sharti la Nailoni

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimepata! Wazo limenijia napiga mswaki, nusura nimeze dawa. Friji za hapa Makole garantii zake za dukani zimekwisha zamani. Umeme ukirudi kwa nguvu, watu wanaruka kuchomoa nyaya. Mimi Yotham nitawauzia garantii mpya. Wanalipa kidogo kila mwezi, friji ikiharibika naitengeneza bure.

Kutengeneza friji sijui. Haina shida. Chini kabisa ya karatasi nimeweka sharti: garantii inakufa kama nailoni ya kiwandani imetolewa. Nani anakaa miaka na friji ndani ya nailoni? Nimecheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 4 Septemba

Mtaa mzima umejiunga! Mteja wa kwanza Mama Anitha, mkwe wangu mtarajiwa. Jumapili wazee wetu wanapeleka posa, kwa hiyo shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Aliuliza kama friji ikifa nitakuja kweli. Nikamhakikishia, hata saa nane za usiku.

Anitha akanikumbusha kwamba hata pasi yangu iliponishinda niliipeleka kwa Khalidi. Huyo ni fundi kutoka Kondoa, ana meza yake karibu na soko, maneno machache, bisibisi nyingi. Nikamjibu kwamba biashara kubwa haiendeshwi kwa bisibisi. Mama Anitha akalisoma sharti la nailoni kwa kidole, akatabasamu, akasema hilo kwake si tatizo. Mwanamke mwenye imani.

Ijumaa, 6 Septemba

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa hasira. Friji zimekufa mtaa mzima. Siku yangu imefika! Nikatoka mbio kukagua nailoni.

Kwa Mzee Matonya: nailoni ipo, na juu yake kitambaa cha kufuma. Kwa Ruthu: ipo, tena anaifuta kwa sabuni kila Jumamosi. Kwa Gerson imechanika kidogo, naye ameiziba kwa selotepu. Nikamuuliza Mzee Matonya kwa nini hajaitoa miaka yote hii. Akaniuliza aitoe ili vumbi la Dodoma likae wapi.

Kwa Mama Anitha nailoni ipo, tena haina hata mkunjo. Friji imejaa juisi ya zabibu za Hombolo, aliyoikamua kwa ajili ya wageni wa posa. Imeanza kutoa povu. Alisema tu kwamba ananisubiri. Anitha akachukua kitambaa, akaanza kufuta povu. Naogopa kumkosa.

Nimerudi nyumbani, nikajitupa kwenye kochi. Nailoni yake ikapiga kelele. Hata kochi linanizomea.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemwendea Khalidi, nikampa heshima ya kuwa mshirika wangu. Akaendelea kufunga skrubu. Akasema ushirika hautaki. Anataka makusanyo yote ya garantii, na nimbebee begi la vifaa nyumba kwa nyumba, kila mlango nitamke fundi ni nani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama. Mzee Matonya alidai hajasikia vizuri, nikarudia.

Jioni friji zote zinanguruma, isipokuwa ya Mama Anitha. Mota imeungua. Khalidi akasema mota kama hiyo hana, labda itoke kwenye friji ya aina ile ile.

Ninayo friji ya aina ile ile. Niliinunua kwa ajili ya maisha yetu na Anitha. Nikamwambia aitoe haraka kabla sijapata akili nyingine. Alipochana nailoni yake nikageukia ukutani. Anitha alikuwa mlangoni, ameona yote.

Jumapili, 8 Septemba

Posa imepokelewa! Juisi ilikuwa baridi, lakini ilishachangamka. Wazee wa pande zote mbili waliongeza glasi, wakaanza kuitana shemeji hata kabla posa haijasemwa. Mjomba wangu Bartolomayo, mzee wa kanisa, aliomba mara tatu aelezwe hiyo juisi inatengenezwaje.

Anitha alininong'oneza kwamba garantii yangu aliijua tangu siku ya kwanza ni upuuzi, ila mtu aliyekubali friji yake ichinjwe, yeye anaweza kuishi naye. Nina furaha!

Kisha Mama Anitha akasimama. Nimepokewa kwa majaribio mpaka Krismasi. Sharti moja: nisiuze tena garantii ya friji. Nikaapa mbele ya wote.

Jumanne, 10 Septemba

Alisema friji. Televisheni hakuitaja!

Garantii ya televisheni, naanza kesho. Safari hii nimefikiri kwa kina, nailoni sigusi. Sharti jipya: garantii inakufa kama mteja hana boksi la dukani. Nani anatunza boksi? Nimelichekelea wazo hili tangu asubuhi. Mwandiko umepinda, maana sina meza. Naandikia juu ya boksi la televisheni yangu, lile ambalo ndani yake nimehifadhi boksi la redio.