Vioo vya Marehemu

Injinia hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa sababu watu humkabidhi injinia vitu ambavyo hawawezi kumkabidhi mpiga picha. Asubuhi ile alikuwa akipita mtaa wa mafundi, kamera begani, tripodi kwapani, na ahadi nzito kichwani. Alikuwa amemwambia meneja wa hoteli kwamba atapiga picha ya lango la hoteli saa sita mchana, bila mtu hata mmoja ndani yake.

Lango lenyewe linatazamana na kituo cha mabasi.

"Utawafukuza?" meneja aliuliza.

"Simgusi mtu, bosi. Nitawafuta."

Hakuwa akidanganya, jambo la nadra kwake. Lenzi ikifunikwa kwa filta nyeusi sana, kamera inalazimika kuacha jicho wazi kwa dakika kadhaa ili ipate mwanga wa kutosha. Kwa muda huo wote, anayetembea hakai mahali pamoja vya kutosha kuacha alama. Ukuta unabaki, watu wanapotea. Filta ya wastani, ile ya kulainisha maporomoko ya maji wakati wa jioni, haifui dafu mbele ya jua la utosini. Hapo inatakiwa filta kali, inayopunguza mwanga mara maelfu mengi, tena ya kioo safi, maana ya bei ya kutupa huipaka picha rangi isiyoombwa.

Yote hayo Injinia aliyajua. Alichokosa ni filta. Akifanikiwa, angepewa kazi ya kupiga picha hoteli zote za kampuni. Akishindwa, shemeji wa meneja naye alikuwa na kamera, na alikuwa akiinyemelea kazi hiyo kama paka mlangoni mwa bucha.

Ndipo alipoona, kwenye dirisha la studio ndogo, katikati ya fremu za picha za harusi, mkoba wa ngozi ulio wazi. Ndani yake vilikaa vioo vitatu vyeusi tii, vyenye pete za shaba. Moyo wake uliruka, lakini uso wake, ambao alikuwa ameufundisha vizuri, ulivaa huzuni.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Picha ya pasipoti?" Mama Studio aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi.

"Hapana, mama. Nimeona huo mkoba nikaingiwa na huruma. Vioo hivyo vimekufa."

Mkasi ulisimama. "Usiniambie! Ni vya marehemu mume wangu. Alikuwa havigusi kabla ya kunawa."

"Pole sana. Ni unyevu, mama. Unaingia kwenye kioo, kinafifia, mwisho kinakuwa cheusi hivi. Na huambukiza. Viache karibu na lenzi zako, mwakani utakuwa unauza mkaa."

"Nithibitishie, baba. Mimi mjane, nisije nikatupa mali."

Injinia aliskurubu kioo kimoja kwenye lenzi yake. Kilikaa sawasawa. Akamwelekezea mama, akabofya. Kwenye skrini palikuwa na giza totoro.

"Kama kaburini," Mama Studio alisema, akajifuta jicho.

Hapa tusimame kidogo, kwa heshima ya kosa. Kamera ikifumbua na kufumba kwa kasi ile, filta ya bei ghali hutoa picha nyeusi, na kifuniko cha sufuria nacho hutoa picha nyeusi. Njia pekee ya kuvitofautisha ni kuiacha kamera wazi sekunde nyingi, kisha kutazama rangi. Lakini Injinia angefanya hivyo, sura ya mama ingetokea kwenye skrini na maiti ingefufuka mbele ya mwenye mali. Ili aibe, ilimbidi asikijue anachokiiba.

"Nitakusaidia kuvizika," alisema. "Nivichukue, na wewe nikupe hivi vitatu vipya, vyeupe." Akatoa vioo vyake, ambavyo asili yake ilikuwa dirisha la choo.

"Vya marehemu nikubadilishie kwa vitupu hivihivi? Ukoo utanisema." Mama aliitazama tripodi. "Niachie na hiyo miguu mitatu. Nitakuwa naegemezea vitambaa vya mandhari."

Injinia alipiga hesabu. Miguu hupatikana. Vioo kama vile havipatikani. Akaiacha, akatoka kwa mwendo wa msiba hadi alipopinda kona, kisha akakimbia.

Saa sita mchana alikuwa mbele ya hoteli. Kwa kukosa tripodi, aliazima stuli ndefu ya baa na mfuko wa mchele, akaikalisha kamera juu ya mchele kama mgonjwa juu ya mto. Kazi yenyewe aliifanya kwa usahihi, hilo tumpe. Alipanga picha na kulenga lenzi ikiwa tupu, maana kioo kikishafungwa huoni kitu. Akaufunga mlengo usiyumbe, akaskurubu kioo polepole, akaziba kitundu cha kuchungulia ili mwanga usipenye kwa nyuma. Akafungua kamera. Mabasi yakaingia na kutoka, watu wakapishana. Meneja akasubiri, mikono nyuma.

Picha ilipotokea, abiria walikuwa wamepotea. Mabasi yamepotea. Amebaki mtu mmoja tu, kwenye kiti kando ya lango, anaonekana hadi vifungo vya shati.

"Huyu mlinzi wangu mbona hajafutika?"

"Mashine hufuta wanaotembea, bosi. Yeye alikuwa amelala."

Meneja alilimeza hilo kwa ajili ya kikao kingine. "Sawa. Na hoteli yangu imezama lini?"

Maana ukuta wa rangi ya maziwa, ngazi, anga, vyote vilikuwa kijani, kijani cha bwawa lisilo na samaki.

"Kesho saa sita," meneja alisema. "Ikiwa hivi tena, namwita shemeji."

Injinia alikwaruza ukingo wa kioo kwa ukucha. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na namba, ile inayopigwa kwenye vioo vya barakoa za kuchomelea vyuma.

Aliingia studio bila hodi. "Mama! Umenipa vioo vya kuchomelea!"

"Nimekupa maiti, kwa kauli yako."

"Vinatoa picha ya kijani!"

"Makubwa! Maiti imekupigia picha, nawe unachagua rangi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mwanamume mwenye aproni iliyotobolewa na cheche, barakoa ya chuma ameipandisha utosini, kikombe cha chai mkononi.

"Nani anapiga kelele?"

"Mteja," Mama Studio alisema. "Injinia, huyu ndiye marehemu."

"Karibu, bwana," marehemu akasema.

Injinia aliwaza kwenda kushtaki. Polisi angewaambia nini? Kwamba maiti aliyotumia kumlaghai mjane ni maiti feki? Macho yake yakatua kwenye tripodi yake, imeegemea kaunta. Akiipata hiyo tu, kazi ingeokoka. Angepiga picha nyingi za kawaida kutoka sehemu moja isiyotikisika hata unywele, kisha aziunganishe kwenye kompyuta, na watu wafutike bila filta. Njia hiyo aliijua tangu mwanzo. Ina kazi nyingi, ndiyo maana hakuipenda.

"Mama, tuongee kiutu uzima. Nirudishie miguu yangu."

Kabla hajajibiwa, dirishani akasimama bwana mmoja mwenye miwani na begi zuri la lenzi. Aliutazama mkoba wa ngozi, ambao ulikuwa tayari umejaa tena. Uso wake ukavaa huzuni. Marehemu akarudi nyuma ya mlango upesi, kama mtu anayejua wajibu wake.

"Hodi, mama. Shikamoo. Samahani, hivyo vioo vyako naona vimeungua."

"Marahaba. Yarabi, vya marehemu mume wangu!" Mama Studio akamgeukia Injinia. "Bahati nzuri fundi yupo. Fundi, ni kweli?"

Injinia alichukua kioo kimoja, akakielekeza kwenye taa, akatikisa kichwa kwa majonzi ya kitaalamu.

"Vimeungua kabisa," alisema. "Ila kama huyu ndugu havitaki, mama, mimi nitavichukua hivyohivyo."

"Nani kasema sivitaki?" bwana mwenye miwani akaruka, tayari anafungua zipu ya begi.

Na kando ya kaunta, mguu wa Mama Studio ukaisukuma tripodi, taratibu, upande wa fundi wake mpya.