Dubu Aliyenirarua Kiunoni

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Miaka ishirini na mitano wanaume wa bafu la kijiji wameiheshimu michirizi yangu mitano ya kiunoni. Makucha ya dubu! Nilimkaba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kapu la uyoga. Leo Jinpei, yule mgawa barua mstaafu, kaja kuoga na mkwewe Daigo, aliyekuwa mwanamieleka. Daigo kavua nguo. Michirizi tele! Mabegani, tumboni, rangi ya zambarau. Jinpei akapaza sauti: “We Tokuzo, mbona dubu wako kanirarulia na mkwe?” Wazee wakacheka hadi wakamwaga maji. Na Jumapili tunachagua kiongozi wa kikosi cha kufukuza dubu! Cheo changu kile!

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemwendea Mizuho, binti ya dada yangu, nesi wa kliniki ya ngozi. Hata hakutazama. Eti mwili ukikua haraka kuliko ngozi, tabaka la ndani huchanika. Kubalehe, mimba, unene, misuli. Hata dawa kali za kupaka, mtu akizizoea. Michirizi huanza myekundu au ya zambarau, kisha hufifia ikawa myeupe. Dawa? Ile mibichi husaidiwa na krimu za daktari au miale ya leza, ififie kidogo. “Yako mikongwe, mjomba. Izoee tu.” Mikongwe! Akaongeza kuwa mama yake kamwambia nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nakula wali wa watu wanne. Uongo! Watatu. Nimeondoka bila kumaliza chai.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nesi hajui kitu. Dawa ni mafuta ya farasi. Nani amewahi kuona farasi mwenye michirizi? Nimepaka kopo zima tangu jana, nikajizungushia nailoni ya jikoni kama samaki wa dukani. Leo nimefungua. Ipo palepale, sasa inang’aa! Paka wa jirani haniachi hatua moja. Nimemtukana paka. Nimemtukana na jirani.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mpango mpya. Kama haifutiki, basi iwe mibichi! Nitasema dubu kanirudia juzi, nani atabisha? Nimesugua kwa dodoki na chumvi ya kuchachusha figili. Nimepiga yowe, jirani akagonga ukuta. Kiuno kizima chekundu kama pilipili, na katikati yake michirizi mitano, myeupe kuliko mwanzo! Daktari wa kliniki ya Mizuho kanipa marhamu, akasema chumvi haijawahi kutibu michirizi ya mtu. Nikamwuliza yeye amekaba dubu wangapi. Kaita mgonjwa mwingine. Nimemshinda.

Jumapili, 13 Oktoba
Siku ya kura, bafuni. Wazee kumi majini, mimi nimesimama ukingoni, maji ya moto siyawezi na kiuno hiki. Nikaanza. Dubu karudi, mkubwa kama gari la zimamoto! Hata Jinpei mdomo wazi. Nikageuka niwaonyeshe wekundu. Ndipo juu ya ukuta wa upande wa wanawake ikaja sauti ya Mizuho: “Mjomba, hiyo ni chumvi ya figili!”

Haikutosha. Bi Kikue, miaka themanini na moja, akapaza sauti hukohuko kwamba dubu huyo anamjua, alipambana naye mara nne, na wa mwisho alitoka na kilo nne na nusu. Mwingine akasema wake walimjia wawili kwa pamoja, na tumbo lake analo kama ushahidi, mwenye shaka azunguke mlangoni apigwe beseni. Upande mzima ukaangua kicheko. Wazee nao. Daigo alicheka hadi akameza maji.

Kura: Jinpei kumi, mimi moja. Naijua ni ya nani.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimetafakari tangu asubuhi, hasira ikanifungua akili. Wanawake wote wa kijiji hiki wamepambana na dubu. Wamekiri wenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi! Halafu kikosi apewe mgawa barua? Naiandikia ofisi ya kijiji kura irudiwe. Hali ni mbaya kuliko tulivyodhani, anatakiwa mtu mwenye uzoefu.

Chumvi imebaki nusu mfuko. Safari hii nasugua hadi mgongo.