Lidia, Chui na Samaki Papa

Alhamisi, 5 Juni

Lidia wangu kachaguliwa! Kidato cha pili kizima, yeye! Kamwene, daftari langu, nimesahau hata kukusalimu. Jumatano atasimama mbele ya wazazi kulinganisha chui na samaki papa. Mwalimu anasema ni ndugu wa mbali mno: wote wana taya na uti wa mgongo, na macho yao hung'aa gizani. Nimemweleza jirani yangu Mama Remmy bombani. Mara mbili. Eti Remmy wake ataeleza parachichi. Parachichi! Njombe hii, kila ua lina mparachichi!

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda Makambako kwa Elius, anayeuza samaki wakavu wa pwani. Papa nimempata! Kichwa hana, mkia anao. Kwenye basi abiria wamefungua madirisha yote, na baridi hii. Washamba. Lidia anasema picha aliyochora inatosha, nisije nikamwaibisha. Mtoto hajui anachohitaji.

Jumapili, 8 Juni

Nilimbeba papa hadi kanisani, Mama Remmy amwone kwa macho yake. Harufu ikazidi, nikaacha kikapu mlangoni. Kumbe Mzee Ezekia, mzee wa kanisa, kadhani ni sadaka! Baada ya ibada, mnada wa sadaka: mayai, jogoo, halafu papa wangu kainuliwa juu. Akatangaza kwamba Mama Lidia amemtolea Bwana kitu cha baharini. Vigelegele! Ningesemaje si sadaka? Nikatabasamu, nikanyoosha mkono nimnunue mwenyewe. Mama Remmy akanyoosha wake. Nikapandisha, akapandisha. Kashinda yeye! Akaniambia nisinune, nimebarikiwa. Nimelia njia nzima. Mwanangu atasimama mikono mitupu, na mimi ndiye niliyemponza.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Remmy kaleta bakuli la mchuzi wa papa. Eti jirani, onja ulichomtolea Bwana. Nimekula. Mtamu, shetani ashindwe. Lidia kaona pingili ya uti wa mgongo kwenye bakuli langu, kaichomoa, kaiosha, karukaruka: si mfupa, ni gegedu, kama la sikio! Hapo ndipo papa anapoachana na chui. Nimemwambia nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Jumatano, 11 Juni

Kasimama mwanangu! Mkono mmoja pingili ya papa, mwingine mfupa wa mbuzi kwa niaba ya chui. Kaeleza mpaka mkuu wa shule akavua miwani. Nikapanda juu ya benchi nikatangaza kwamba huyo nimemzaa mimi. Mama Remmy alinivuta sketi nikae, ila naye alikuwa anashangilia. Sasa Lidia anakwenda maonyesho makubwa, Makambako! Kanisihi nisilete kitu chochote. Nimekubali. Lakini nasikia Mahongole kuna paka mkubwa kama mbuzi, na madoa ya masizi najua kupaka. Papa kaonekana, chui naye asionewe. Nimeshaalika kwaya nzima na majirani wote, Mama Remmy akae mbele kabisa. Maonyesho ni Jumamosi, tarehe 21 Juni.