Mnunuzi wa Pili

Jumamosi, 7 Machi
Nimeamua. Nauza nyumba. Tangu mama watoto afariki nalala sebuleni, redio ikiwaka, maana chumbani hapalaliki. Binti yetu amenitengea chumba kwake. Amepiga simu: niite mthamini kwanza, niulize nyumba za mtaa huu zinauzwaje, nisikurupuke. Nisikurupuke! Mtoto niliyemfundisha kufunga viatu! Bei nimeshaipanga mwenyewe nikinyoa ndevu.

Jumapili, 8 Machi
Mnunuzi! Muuguzi wa zahanati, mpole, ana watoto wawili. Amependa jiko. Alipotajiwa bei hakubisha. Dalali akaninong'oneza nikubali palepale. Dalali hajui biashara. Asiyebisha bei ana nyingine mfukoni. Muuguzi atarudi keshokutwa, na atamkuta mshindani: shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akijifanya mnunuzi wa pili. Shemeji alikataa. Nikamwambia ni kwa heshima ya dada yake. Akakubali.

Jumanne, 10 Machi
Balaa. Shemeji alikuja na suti aliyoolea. Alianza vizuri, akagonga kuta, akasifu mabomba. Kisha akaingia jikoni. Nilisahau kuwa hajakanyaga humo tangu msiba. Upawa wa dada yake bado unaning'inia msumarini. Akaushika, akalia. Si maigizo. Nilimkonyeza. Nikamkanyaga mguu. Wapi! Muuguzi akamkalisha, akamletea maji, akanigeukia.

"Baba, mwachie kaka huyu. Nyumba imemgusa kuliko mimi. Sisi tutapata pengine."

Ningesema nini? Kwamba mnunuzi huyu ni shemeji yangu? Nikamshukuru. Nilimshukuru! Dalali aliondoka bila kuniaga.

Ijumaa, 13 Machi
Muuguzi ameshanunua mtaa wa pili. Binti amepiga tena.

"Baba, wewe huuzi nyumba, unamkimbia mama. Tulia kwanza."

Nikamwambia simu inakatakata. Ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Baadaye nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nimemkumbuka mama watoto mno. Kila siku aliniambia haraka haraka haina baraka, nami nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Miaka yote hiyo hakuna aliyekubali kushindwa. Leo ningemwachia ashinde, ila hayupo wa kumwachia. Nililia, nikaosha kikombe.

Jumamosi, 14 Machi
Kesho anakuja mnunuzi mpya! Dereva wa lori mstaafu. Dalali mwingine, mwenye adabu. Binti ameniletea namba ya mthamini. Nimemwambia nitampigia tukishauza. Bei nimeiongeza, maana nyumba inayoliza watu si ya kutupa. Shemeji nimemwomba arudi. Amekubali upesi, anasema bado hajamaliza kulia. Sawa, nami namwelewa. Nimemsihi jambo moja tu: safari hii asilie mpaka bei ipande.