Kompyuta Inayoganda Kila Nikiifunga

Jumatatu, 3 Machi
Imeganda tena! Mshale umesimama katikati ya sentensi ya dada, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mashine yenyewe kongwe, marehemu baba aliileta nyumbani ikiwa tayari imechoka. Na dada ana ripoti ya chuo. Kurasa arobaini, mwisho Ijumaa saa tisa mchana. Kachapa tisa tu. Alitaka kumwita Fundi Redio wa mtaa wa nyuma. Nikamwambia asithubutu, yule ni wa redio, kompyuta nimejisomea mimi. Akasema haya profesa, nakupa siku mbili. Siku mbili za nini? Saa moja inanitosha.

Jumanne, 4 Machi
Nimetupa pembeni kitambaa cha kufuma ambacho mama hulifunikia boksi, nimefungua kava. RAM! Kile kibao cha kumbukumbu, lazima iwe hiyo. Nimeichomoa, nimeisugua meno kwa raba ya penseli, nimeirudisha. Nikaiacha inawaka kava wazi. Saa mbili bila kuganda! Nikafunga, nikamkabidhi dada kwa mbwembwe, mama akapanga meza vizuri, nikaenda kujisifu kwa jirani. Kurudi, imeganda. Dada kauliza nimeitengeneza au nimeibembeleza tu.

Jumatano, 5 Machi
Basi ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Nimeazima ya jirani, nimeipachika. Yale yale. Ikiwa wazi, inatulia. Nikifunga, haimalizi nusu saa. Nimekaa sakafuni nikiitazama feni inavyozunguka. Baba naye alikuwa hivyo, mbele ya wageni mzima kabisa, wakiondoka ananyamaza siku nzima. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Dada kasema basi iache wazi mpaka Ijumaa, yeye achape tu. Nikakataa. Fundi gani anamwacha mgonjwa tumbo wazi? Kwanza nijue ugonjwa. Akachukua daftari lake, akaenda jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Kamleta Fundi Redio! Mchana kweupe, majirani wanaona! Na hata bisibisi hakubeba. Kakaa, kamuuliza mama ilianza lini. Mama akasema tangu alipomaliza kufuma kile kitambaa, kimeshuka vizuri mpaka nyuma, vumbi halipiti. Fundi akaweka kiganja juu ya boksi, akakitoa haraka. Akamwambia mama yangu, hii inapumulia nyuma, na wewe umeivisha blanketi. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema kila huyu akimaliza kufunga, yeye hukirudisha na kukinyoosha, mbona hakuna aliyemuuliza?

Dakika nne. Nilikuwa naangalia saa. Alipofika mlangoni akanipiga bega, akasema RAM nimeisafisha vizuri lakini. Afadhali angenipiga kofi.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kachapa tangu jana bila kunyanyua kichwa. Saa nane na nusu kapiga chapa alichonacho, kakimbia. Sura ya mwisho haimo. Ile aliyoipenda kuliko zote, aliyokuwa akitusomea jikoni kutoka daftarini. Mwalimu kaipokea hivyo hivyo, kasema atasahihisha anachokiona.

Nilimwambia samahani. Akasema hajakasirika, amechoka tu. Kisha akauliza kama nimekula. Maneno mazuri kabisa, na bado yananichoma. Jumatano ile alihitaji niseme sawa, basi. Neno moja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza tangu asubuhi. Nimeandika kwa herufi kubwa na kubandika ukutani: ULIZA KWANZA, SHIKA BISIBISI BAADAYE. Najisikia mtu mpya. Mwepesi!

Saa nne mjomba kaja na pasi yake, haipati moto. Akaanza kueleza ilivyoanguka na shangazi alivyofanya baadaye. Nikamwambia mjomba, tulia, usinipotezee muda. Skrubu mbili zilishatoka.