Karibuni Kwenye Baga Yenu

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mdomo umejaa chakula, na shahidi alikuwa Shangazi yake Neema. Yule yule wa Temple Hills. Nimerudi Riverdale sasa hivi, nimekalia kompyuta ya mwenzangu wa chumba, nawaandikia nyote kwa mkupuo kabla hamjasikia kwa wengine. Najua habari zetu Watanzania wa hapa Marekani zinavyotembea. Wenzetu wa Woodbridge wanajua mambo yangu kabla yangu mimi.

Kwa wasiojua, Neema ndiye ninayetaka kumwoa. Baba yake yuko Dodoma, na alishasema barua yangu ya posa haifunguliwi mpaka dada yake, ambaye ni nesi hapa mwaka wa kumi na nane, anione na kutoa neno. Kabla yangu alionwa jamaa mmoja anaitwa Gidioni. Alikaribishwa chakula, akala chapati sita, kisha akaulizia kama sufuria imebaki na mchuzi. Shangazi alipiga simu Dodoma siku ile ile. Posa ya Gidioni ikaishia hapo.

"Kwa hiyo nakuomba," Neema aliniambia jana, "usile kama Gidioni." Yeye mwenyewe leo yuko kazini. Shangazi alitaka kuniona bila mtu wa kunikonyeza.

Tukutane wapi? Shangazi alikuwa amemwahidi binti yake Joyce, miaka kumi na miwili, kumpeleka kwenye ile bustani ya michezo huku kwetu Prince George's, yenye treni za kupindua watu kichwa chini miguu juu. Akasema nije huko huko. Nikaja. Sikunywa hata chai, maana nilijua nitalishwa (kumbukeni sentensi hii).

"Shikamoo Shangazi!"

"Marahaba. Kumbe mrefu."

Nikaona nimeanza vizuri. Joyce nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu "Hi." Tukapanda treni ya kwanza. Tukapanda ya pili. Ya tatu ilinitikisa tumbo tupu mpaka likanguruma, nikakohoa kulifunika. Ilipofika saa saba nilikuwa nawaangalia watoto wa watu na pipi zao kwa macho mabaya.

Ndipo Joyce akataka baga. Mle bustanini mna mgahawa uliotengenezwa uonekane wa zamani, enzi za ujana wa babu za Wamarekani: sakafu ya miraba myeusi na myeupe, viti vyekundu vya plastiki vinavyong'ang'ania mapaja, picha za magari marefu ukutani, na mashine kubwa ya muziki inayowaka taa za rangi. Wahudumu wanateleza kwa viatu vya magurudumu huku wamebeba trei. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilinipokea mlangoni, na nakiri nilifumba macho kidogo.

Dada wa magurudumu akaja. Shangazi akaagiza baga. Joyce akaagiza baga ya nyama mbili, chipsi na milksheki. Kisha Shangazi akanigeukia.

"Na wewe utakula nini?"

Hapa nawaomba mnisikilize kama binadamu wenzangu. Mmelelewa kama mimi. Ukiulizwa mara ya kwanza, unasema nini? Unasema umeshiba! Mwenyeji anakushika mkono, anasema haiwezekani, utakula kidogo tu, unakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, anakasirika kwa mapenzi, basi unakula kumridhisha yeye. Ndivyo tulivyofundishwa. Juu ya hayo kichwani nilikuwa na Gidioni na chapati zake sita.

"Ah, mimi hapana, Shangazi. Asante. Niko sawa kabisa."

"Okay," akasema Shangazi. Akamrudishia dada karatasi ya vyakula.

Nikasubiri. Dada akageuka kwa magurudumu yake, akaenda. Niliuangalia mgongo wake mpaka ukaingia jikoni. Sijawahi kuachwa na mtu nikaumia vile.

Chakula kikaja. Nilikunywa maji. Shangazi alinihoji kuhusu kazi yangu kwenye nyumba ya wazee, kanisa, ukoo wetu wa Morogoro, na mimi nikajibu kwa heshima huku nikifuata kila tonge kwa macho, kutoka sahani hadi mdomoni. Niliamini Joyce atabakiza. Mtoto wa kike, mwembamba vile! Alimaliza mpaka jani la saladi, akafuta mchuzi wa nyanya kwa kidole.

Ghafla ile mashine ikapiga muziki mkubwa. Wahudumu wakapiga makofi, wakaanza kucheza katikati, wanawavuta wateja. Joyce akakimbilia huko. Shangazi akachukua kamera na kumfuata. Nikabaki peke yangu na glasi ya maji.

Meza ya jirani ilikuwa na baba, mama na watoto wawili. Wakainuka wote. Wakaondoka. Na mezani, hatua moja kutoka kiwiko changu, wakaacha baga imeng'atwa mara moja tu, na chipsi za kutosha mtu mzima.

Mimi kazini kila siku namwaga trei zilizojaa. Nawajua watu hawa, hawamalizi. Nikajisemea, hii nayo inakwenda pipani. Nikachukua chipsi moja. (Moja tu, ya kuonja chumvi.) Nikachukua nyingine. Mikono ikaacha kuniuliza ruhusa. Nikahamia kiti cha jirani kabisa, nikaishika ile baga kwa mikono miwili, nikaing'ata kama mtu aliyetoka kifungoni. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Muziki ukakatika.

Nikainua kichwa. Mbele yangu walisimama baba, mama na watoto wawili, wanahema. Kumbe walikwenda kucheza!

"Daddy," kasichana kadogo kakasema, na mgahawa wote kimya, "that man has my burger."

Nilipaswa kukimbia. Nilipaswa kuzimia. Lakini nilipowaona watu wamesimama nami ninakula, mafunzo ya mama yangu yakapanda yenyewe. Nikawanyooshea mkono wenye mafuta, nikawaonyesha viti, na mdomo umejaa nikasema:

"Welcome! Welcome!"

Ndiyo. Nimewakaribisha watu kwenye chakula chao wenyewe.

Baba mtu alinitazama bila hata hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kasichana kakaanza kulia. Nyuma yao nikaiona kamera, na nyuma ya kamera Shangazi. Sijui kama alipiga picha. Ninaomba hakupiga.

Shangazi aliwaomba radhi, akawaagizia baga nyingine, akaniongoza nje kwa kunishika mkono wa shati. Tukaenda hadi maegesho ya magari, Joyce nyuma yetu. Mimi nilikuwa nimeshamzika Neema moyoni, nimeshamwona kavaa shela kwa mwingine.

"Kwa nini hukusema una njaa?" akaniuliza. "Si nilikuuliza?"

"Shangazi, uliuliza mara moja."

Akasimama. Akaniangalia. Kisha, jamani, akacheka, mpaka akaegemea gari.

"Baba, mimi nimekaa hapa eighteen years. Huku mtu akisema no, ni no. Nilishaacha kubembeleza watu. Mama yako amekulea vizuri, ila utakufa njaa." Akaingia garini, akafunga mkanda, akashusha kioo. Uso wake ulikuwa umelainika. "Sikiliza. Jumapili baada ya kanisa, njoo nyumbani. Nitapika wali. Tuongee mambo ya ile barua. Utakuja?"

Ndugu zangu. Mlango wa Dodoma ulikuwa wazi. Mtu mwenye akili angesema ndiyo na kupiga magoti pale pale kwenye lami.

"Ah, hapana, Shangazi," mdomo wangu ukasema. "Asante. Msijisumbue."

"Okay," akasema Shangazi. Kioo kikapanda.

Nilisimama nikisubiri aulize mara ya pili. Taa nyekundu za nyuma zikawaka, moyo ukaruka. Kumbe alikuwa anampisha mama mwenye kigari cha mtoto. Kisha akaenda zake.

Neema ameshapiga. "Shangazi anasema umekataa," akasema, akakata simu. Nimempigia Shangazi mara tatu, inapokea mashine. Nimeacha ujumbe: nakuja, ndiyo, nakuja. Nilipofika ndiyo ya nne mashine ikalia pii, ikanikatia.

Tafadhali msinicheke, nimekwisha. Na kama yupo aliyepika leo, asinikaribishe kwa adabu. Nasema ndiyo kabla hajauliza.